Asante kwa Mzee Aliyekwenda Kagera: Namna ya Kuisema Mpaka Ifike

Nilikuwa na miaka 13 nilipomuuliza babu swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kumuuliza mtu. Alikuwa chini ya mwembe anachonga mpini wa jembe, mimi nimetoka shule, ambako Vita vya Kagera tulifundishwa kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Nikamwambia, "Babu, kule Uganda uliua wangapi?" Akaweka panga chini. Akakung'uta maganda ya mti kwenye mapaja, akainuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa palepale, tunawaona. Bibi alikuwa anapepeta choroko na wala hakunigombeza. Alisema tu, "Chakula chake cha mchana utampelekea wewe huko aliko."

Ilipita miaka 9 kabla babu hajazungumza nami tena habari za vita. Siku hiyo nilianza kwa kumuuliza walikuwa wanakula nini.

Haya ninayoandika yametoka kwenye miaka hiyo 9 na mingine michache iliyofuata. Ni kwa kijana mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, au jirani, au msikitini, au kwenye jumuiya, na ambaye kila ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, anaweka bendera kwenye status halafu basi. Mimi pia naweka. Ila babu hana simu ya kuona status. Nazungumzia zaidi waliopigana 1978 na 1979 kwa sababu hao ndio ninaowajua. Kama mzee wako alikwenda Msumbiji kati ya 1986 na 1988, au dada yako amerudi juzi kutoka kulinda amani Kongo, mengi yatakufaa vilevile.

Hatua ya 1: Isome vita kabla ya kumsogelea mzee

Usiende kichwa kitupu. Mzee akikutajia Lukaya ukauliza "Lukaya ndiyo wapi?", atakujibu, lakini atajua anazungumza na mtu wa kuelezwa kila kitu, naye atafupisha. Ukishika mambo machache tu atakwenda mbali.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaikalia sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, ile hotuba ya nia, sababu na uwezo ambayo wazee wengi wanaweza kukutolea kwa ghibu hata leo. Daraja la Kyaka kwenye mto huo likavunjwa, na jeshi letu, JWTZ, likalazimika kutafuta namna nyingine ya kuvuka mto. Januari 1979 JWTZ likaingia Mutukula, ng'ambo ya mpaka. Mwishoni mwa Februari likachukua Masaka na Mbarara. Machi ikawa Lukaya, kwenye barabara inayopita katikati ya vinamasi, ambako Walibya waliokuja kumsaidia Amin nao walikuwapo. Entebbe ni Aprili 7, Kampala Aprili 11. Baada ya hapo wakasonga kaskazini mpaka mpaka wa Sudan, wakafika mwanzoni mwa Juni.

Majina ya kukumbuka: Abdallah Twalipo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, na Silas Mayunga, ambaye askari walimwita Mti Mkavu. Jenerali Musuguri alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Usimfanye kipimo, maana wengi hawafiki hapo. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ile ya hotuba alizaliwa 1958. Fanya hesabu mwenyewe halafu amua kama utasubiri likizo ijayo.

Jambo moja zaidi la kuweka kichwani: sehemu kubwa ya safari ile ilikwenda kwa miguu. Chukua ramani kwenye simu, weka Mutukula, weka Kampala, tazama kilomita. Wengi waliipita njia hiyo na bunduki begani msimu wa mvua. Kwa hiyo mzee akilalamika magoti, unajua sehemu ya magoti hayo ilikoishia.

Hatua ya 2: Mtafute wa karibu, na upitie mlangoni

Vijana wengi wakisikia mpiganaji wanamwaza ofisa mwenye nyota mabegani. Waliokwenda walikuwa wa kila aina: askari wa JWTZ, vijana wa JKT, polisi, magereza, madereva wa malori, na mgambo, mgambo wengi kwelikweli, waliotolewa vijijini wakafunzwa haraka wakapelekwa mbele. Hao mgambo ndio wanaosahaulika. Walirudi wakashika jembe, hawakuwa na gwanda la kutundika ukutani, na wengine watoto wao wenyewe hawajui. Uliza wazee wa mtaa. Uliza mjumbe. Uliza matawi ya MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, kama upo kwenye wilaya yako. Mara nyingi jibu liko nyumba ya tatu kutoka kwenu.

Ukishampata, usimwendee yeye kwanza. Mwendee mwenye nyumba, yaani mke wake, au binti anayemtunza. Yeye ndiye anayejua saa ambazo mzee ana nguvu, mwezi ambao hapendi kuguswa, na kama usiku anaota. Mwambie unachotaka kwa maneno ya kawaida: "Bibi, shikamoo. Nimekuja kuomba kumsikiliza babu habari za vita, kama mwenyewe atapenda. Nisiwasumbue, unionyeshe tu siku nzuri." Akikuambia subiri, subiri. Akikuambia hapana, shukuru, kunywa chai kama umekaribishwa, uondoke. Hapana ya bibi imemwokoa mzee zaidi ya mara moja.

Siku ya kwanza nenda kusalimia tu. Shikamoo kamili, ukae, uulize habari za mazao, mvua, wajukuu. Peleka sukari, majani ya chai, mche wa sabuni. Bahasha ya fedha siku ya kwanza siipendi, kwa sababu inageuza mazungumzo kuwa kibarua na mzee ataanza kukupa anachodhani umelipia. Fedha ina siku yake, tutaifikia. Na usimnunulie pombe ili afunguke. Nimeona mtu akifanya hivyo. Mzee alifunguka kweli, na asubuhi yake hakutaka kumwona tena.

Hatua ya 3: Maswali, na hapa ndipo kazi yote ilipo

Mtu aliyetoka vitani ana mlango mkubwa wa mbele ambao ameufunga kwa miaka mingi. Ukiugonga huo, anakwenda kuangalia mbuzi. Ila nyumba ina milango ya uani: chakula, viatu, mvua, barua, nyimbo, majina ya utani, sajini aliyekuwa mkali. Pita huko.

Nilipomuuliza babu habari ya chakula alicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Akasema rasheni ilikuwa inafika siku nyingine, siku nyingine haifiki, na kwamba walipoingia nchi ya ndizi, wao watu wa ugali walikula matoke wiki nzima mpaka mmoja wao akalia kama mtoto, anataka ugali wa mtama. Akainuka, safari hii si kwa mbuzi. Akaingia ndani akarudi na chombo cha bati kilichobonyea upande mmoja. Wenyewe waliita mestini. Akanionyesha namna walivyokuwa wanakishika wakati wa kula, mkono wa kushoto chini, kidole gumba ndani ya mkunjo wa mpini, ili ukiambiwa lala chini usimwage. Alifanya hivyo mara mbili, bila chakula, amekaa kwenye kigoda. Kisha akasema jina la yule aliyelilia ugali. Kisha akanyamaza.

Hapo ndipo nilipojifunza kutoingiza neno. Kimya cha mzee si nafasi ya wewe kuuliza swali lako la pili. Hesabu moyoni mpaka 20. Mara nyingi kabla hujafika 15 atakuwa ameendelea mwenyewe, na atakayoyasema hapo ndiyo ambayo usingeyapata kwa swali lolote. Akilia, usimwambie nyamaza babu. Kaa. Msogezee maji. Bibi akija, mpishe.

Maswali ambayo yamewahi kunifaa ni haya. Ulikuwa wapi siku uliposikia hotuba ya Mwalimu, na redio ilikuwa ya nani? Nani alikusindikiza? Ulibeba nini kutoka nyumbani? Viatu vilikutosha? Ulilala wapi usiku wa kwanza baada ya kuvuka mpaka? Nani alikuwa mcheshi kwenye kombania yenu? Waganda walikupokeeni vipi? Hili la mwisho huleta habari nzuri, kwa sababu sehemu nyingi watu walitoka barabarani kuwashangilia. Waliwaita bakombozi, yaani wakombozi kwa matamshi ya kule, na makombora yetu wakayapa jina la saba saba. Mzee akisikia unayajua maneno hayo mawili, uso unabadilika.

Maswali ya kutomuuliza: uliua wangapi, na mlileta nini. La kwanza nimeshalieleza. La pili ni gumu kwa sababu vita vile, kama vita vyote, vilikuwa na mambo yasiyopendeza, na baadhi ya askari walirudi na vitu vya watu. Akitaka kulisema atalisema mwenyewe. Kuna mzee mmoja alinieleza habari za saa ya mkononi kwa dakika 20, na nilielewa kwamba saa ile imemkaa rohoni kuliko risasi. Kumshukuru mtu hakukulazimishi kumgeuza malaika. Andika alichokuambia, na kama atakuomba usiandike, usiandike.

Akisema "tuliona mengi" huku anatazama pembeni, hapo ndipo mwisho wa siku hiyo. Funga daftari. Uliza kama mahindi yameshika.

Hatua ya 4: Kurekodi bila kuharibu

Omba ruhusa, na uombe upya kila siku unapokwenda, hata kama jana alikubali. Sema wazi nani atasikia: familia tu, au na watu wengine. Ruhusa hiyo irekodi pia, iwe ndiyo maneno ya kwanza kwenye faili.

Simu ya kawaida inatosha. Iweke katika hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Angalia nafasi imebaki kiasi gani, chaji ijae. Usiiweke mezani moja kwa moja, kwa sababu kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama bomu. Kunja kanga mara nne, ulaze simu juu yake, karibu na mzee kuliko ulivyo wewe. Kaeni mbali na mashine ya kusaga na bati linalopigwa na upepo. Kuku huwezi kuwazuia, na kwa kweli mimi nawapenda kwenye rekodi. Ukisikiliza baadaye unajua uko nyumbani. Rekodi dakika moja ya kujaribu, sikiliza, ndipo muanze.

Kata kila baada ya dakika 40 hivi. Faili fupi ni rahisi kuhifadhi, na mzee anapata nafasi ya kujinyoosha. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, ipe kila faili jina lenye tarehe, mahali na mada: 2024-08-11 nyumbani safari ya Masaka. Majina kama "rec 0047" ni kaburi. Halafu weka nakala mahali pawili zaidi: flashi iliyo nyumbani kwa mtu mwingine, na hifadhi ya intaneti. Ukituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, usiirekodi upya kama ujumbe wa sauti.

Mimi nilipoteza saa nzima ya babu kwa kuamini memori kadi moja. Saa ile alikuwa anaeleza namna walivyovuka mto usiku. Nilimwomba arudie. Alirudia, kwa dakika 6.

Video? Mara moja tu, mwishoni, akishakuzoea. Kamera inamfanya mzee akae kama yuko paredi.

Hatua ya 5: Sanduku la bati

Karibu kila nyumba ya namna hii ina sanduku au begi la zamani juu ya kabati. Usiliombe. Siku moja litaletwa lenyewe. Ndani utakuta cheti, picha iliyogeuka rangi, barua, kitambulisho chenye sura ya kijana usiyemjua, pengine nishani ya Kagera imefungwa kwenye leso.

Osha mikono, ikauke. Piga picha kila kitu mbele na nyuma, kando ya dirisha au kivulini nje, bila mwako wa simu, juu ya kitambaa cheupe. Nyuma ya picha ndiko kwenye majina. Picha zilizogandana usizibandue; zipige hivyohivyo. Weka karatasi kwenye bahasha za kaki, usitumie gundi wala selotepu, na sanduku litoke sakafuni mahali mchwa wasipofika. Nishani usiisugue kwa dawa ya kung'arishia vyuma. Akiisugua mwenyewe mwache, ni yake, na mkono wake unajua kazi hiyo tangu ujana.

Sasa jambo ambalo vijana wanaliona dogo. Ukikuta kombati au kofia ya jeshi, usivae ukapiga picha, hata kama mzee mwenyewe anacheka na kukuambia jaribu. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa kisheria Tanzania, na mwaka 2023 JWTZ lilitangaza siku 7 kwa raia wenye sare hizo wazisalimishe. Mzee akiwa bado na mavazi ya aina hiyo na hajui afanyeje, mshauri aulize kwa wastaafu wenzake, na wewe mtandaoni usiweke kitu. Vivyo hivyo kwa silaha, risasi au chuma chochote cha vita: usiguse, toa taarifa. Na akikutajia mambo ya kambi na mipango, hayo yabaki kwenye daftari.

Hatua ya 6: Linganisha, usimsahihishe

Kumbukumbu ya miaka 45 inachanganya miezi. Babu aliniambia waliingia Masaka Krismasi. Haikuwezekana, Krismasi ya 1978 jeshi letu lilikuwa bado halijavuka kuingia Uganda, na Masaka ilikuwa Februari. Nilipomuuliza, "Babu, ile Krismasi mlikula nini?", akakumbuka mwenyewe kwamba walikuwa bado upande wetu, kwenye mahandaki, wanasubiri amri. Masaka ilikuwa sikukuu nyingine ya moyoni mwake, siku waliyolala chini ya paa.

Kwenye daftari chora mistari miwili. Kushoto tarehe za vita kama zinavyojulikana, kulia maneno ya mzee jinsi alivyoyasema. Pasipokubaliana, weka alama pembeni kwa penseli. Maneno yake usiyafute. Kosa la mzee nalo lina habari yake.

Majina ya watu ndiyo ya kuyafanyia bidii. Kila jina la mwenzake mwandikie herufi, msomee, aseme ndivyo. Uliza alitoka wapi, alirudi au hakurudi. Kwa wengine, daftari lako litakuwa mahali pekee ambapo jina hilo limeandikwa pamoja na kicheko chake.

Hatua ya 7: Bibi

Nilichelewa sana kumuuliza. Nilidhani kazi yangu ni babu.

Bibi alibaki na watoto wanne, wa mwisho ananyonya. Hakukuwa na simu. Habari zilikuja kwa Radio Tanzania, na redio ilikuwa nyumbani kwa mwalimu mkuu, kwa hiyo jioni wanawake wenye waume vitani walikuwa wanakwenda kukaa uani kwa mwalimu, kila mmoja na kazi yake ya mkono, wanasikiliza. Jina la mji likitajwa, kila mmoja anapiga hesabu ya mume wake moyoni. Vita vilipokwisha Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Bibi anasema mkanda wake haujawahi kulegea tena mpaka miaka ya tisini: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ya kitenge. Na mwanamume aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Kwa mwaka mzima alikuwa hawezi kulala kitandani, analala chini karibu na mlango.

Hayo babu hajawahi kunieleza. Kwa hiyo mpe bibi siku yake peke yake, faili zake, jina lake kwenye daftari. Kama mzee ameshafariki na mjane yupo, nenda kwa mjane. Asante yako haijakosa pa kwenda.

Hatua ya 8: Shukrani ya miguu

Baada ya kusikiliza, uliza: "Babu, kuna jambo gani linakusumbua ambalo mimi naweza kulikimbilia?" Halafu likimbilie kweli. Mara nyingi ni makaratasi. Uhakiki wa wastaafu umetangazwa na yeye hakusikia. Kitambulisho cha taifa kimeandikwa jina moja, cheti cha jeshi kina jina la pili, benki ina la tatu, kwa sababu karani wa 1977 aliandika alivyosikia. Hapo mtafutie wakili wa kuandaa hati ya kiapo cha majina, na uende naye ofisini mwenyewe, asubuhi mapema, na maji ya kunywa.

Tengeneza faili moja la plastiki: nakala tatu tatu za kila cheti, kila kitambulisho, kila barua. Andika tarehe ya kila ofisi mliyokwenda, dirisha gani, mlichoambiwa. Kuna ofisi moja ilimtaka babu alete barua ambayo yeye alishaipeleka mara mbili. Safari ya tatu tulikwenda na nakala yenye mhuri wao wenyewe wa kupokelea. Ilichukua dakika 10.

Na mirathi: muulize kwa adabu kama warithi wake wamesajiliwa sawasawa, hasa bibi. Ni mazungumzo mazito, mjomba au mtoto mkubwa awepo. Hapa pia ndipo bahasha ilipokuwa inasubiri, nauli, dawa ya presha, miwani. Sasa haimdhalilishi mtu, kwa sababu umeshakuwa mjukuu.

Hatua ya 9: Julai 25

Siku ya Mashujaa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya. Kama kuna gwaride au ibada mkoani kwenu, mpeleke mzee. Akiwa na nishani avae, kifuani kwake, si kwako. Mpelekee kiti, mwavuli, na ujue choo kiko wapi. Paredi ni ndefu na mzee hatakuambia. Kama hawezi kusafiri, washeni redio au runinga nyumbani mkae naye. Babu husimama wakati wa tarumbeta hata akiwa sebuleni na fimbo yake. Sisi wote tunasimama, na mtoto wa dada yangu wa miaka 4 anasimama akiwa ameshika andazi.

Mkipata uwezo, nendeni Kaboya, wilaya ya Muleba, kusini mwa Bukoba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. Ni eneo la jeshi, kwa hiyo ulizeni utaratibu na ruhusa kabla ya kuondoka, na picha mpige mnapoambiwa mnaweza. Nendeni na orodha ya majina kutoka kwenye daftari. Mzee akitaka kuzunguka peke yake, mbaki langoni.

Wa Dar es Salaam mnaopita kila siku mnara wa Askari pale Samora, uliowekwa 1927, simameni siku moja. Ni wa waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, vita vya babu za wazee wetu hawa, pamoja na wapagazi wa ile Carrier Corps iliyotuachia jina la Kariakoo. Tunanunua nyanya juu ya jina lao.

Hatua ya 10: Neno lenyewe

Kwenye sinema za Marekani kijana anamshika askari mkono anamwambia asante kwa utumishi wako. Nililijaribu kwa babu, akanitazama kama nimemsomea tangazo. Kwetu mtu aliyetoka kwenye kazi nzito hatuanzi na asante. Tunampa pole. Nilipokwenda mara nyingine nilimwambia tu, "Babu, pole na ile safari." Ilikuwa safari ya zaidi ya miaka 40 nyuma. Akajibu kama anavyojibu mtu aliyeshuka kwenye basi: "Tumeshapoa, mjukuu wangu." Kisha, baada ya kitambo, "Wengine." Asante ilikuja baadaye, mezani, na ilisikika.

Mkishamaliza, chapa daftari. Herufi kubwa, ukubwa wa 16 angalau, maana miwani ya wazee ni ya zamani. Nakala ya kwanza iwe yake, msomee kwa sauti yote kabla mtu mwingine hajaiona, na abadilishe anachotaka. Stationari yoyote itakujalidia kwa bei ya soda chache.

Mwambie mwenye stationari aache kurasa tupu nyuma. Mimi niliacha tatu kwa bahati tu. Tulipofika mwisho babu aliniuliza mbona fulani hayumo, yule wa Singida. Nikasema hukunitajia, babu. Akaomba kalamu. Mpaka sasa amejaza ukurasa mmoja na nusu.